Mlio wa Pili ni wa Kubeba

Kuna watu wanaoingia msituni kwa sababu wanapenda ndege, na wengine kwa sababu daktari amewaamuru watembee. Mimi niliingia kwa sababu ya mama mkwe. Nalisema mapema, maana wenzangu wa kikundi cha matembezi ya kizamani waliamini kwamba nina mapenzi ya siku nyingi na historia ya milima ya Amerika, na sikuwahi kuwasahihisha.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa Columbus, joto la kiangazi likianza kupungua. Kabla hata jina halijamkaa vizuri, mama mkwe alikuwa ameshafika kwa basi kutoka Louisville. Yeye anaishi kule Shively, kitongoji cha Louisville, na wanawe wadogo. Alishuka na mfuko wa ndagala, wale dagaa wa kwao, unga wa muhogo, na vitenge vya kumfunga bintiye tumbo. Mama kuja kumwangalia mzazi ni jambo la heri, na nilimshukuru Mungu. Shida ilikuwa nyumba. Tulipanga Whitehall, pembeni mwa Columbus, vyumba viwili na sebule, kuta nyembamba kiasi kwamba ukipiga chafya chumbani unaambiwa "afya" jikoni.

Kwetu, magharibi mwa Kenya, mwanamume na mama wa mkewe hawapeani mikono, hawali pamoja, na kulala chini ya paa moja ni jambo ambalo hata mlevi halifanyi. Kwao mama, milimani Kivu ya Kusini, ni vivyo hivyo, ila wao wamezidi kidogo: hata kutajana majina hawatajani. Mke wangu alikulia Shively tangu utotoni, na mambo hayo aliyaona vichekesho. "Babe, this is Ohio," aliniambia. Mama yake akauacha mkoba wake mlangoni, bila kuufungua.

Nilimpigia simu mama yangu mzazi nikitarajia msamaha. Yeye ni mzee wa kanisa, husoma Biblia kila asubuhi, nikadhani ataniambia hayo yalikuwa ya zamani. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja, "Kwani hamna jirani?"

Jirani alikuwepo. Mkenya mwenzangu, muuguzi, kapera, anaishi jengo la pili ng'ambo ya maegesho ya magari. Kila jioni, baada ya kumbeba mwanangu na kumlaza, nilichukua mto wangu kwapani nikavuka kwenda kulala kwenye kochi lake. Majirani walinizoea. Jamaa mmoja wa kwetu alinikuta njiani na ule mto akapunguza sauti, "Boss, kwani umekosana na madam? Sema tu, tutaongea na pastor."

Nilikuwa na hasira, sitaficha. Nilikuwa nalipa kodi ya nyumba nisimolala, na mwanangu alikuwa anajifunza kucheka saa ambazo sipo. Lakini hasira hiyo ningemmwagia nani? Mama hakunikosea kitu. Aliamka kabla ya watu wote, akapika, akafua, akamkanda bintiye kwa maji moto. Kwangu mimi hakusema neno moja kwa moja. Alikuwa akimtazama mtoto na kumtuma: "Mutoto, ambia baba yako chakula iko tayari." "Mutoto, uliza baba yako kama gari yake inawaka leo." Mtoto alikuwa na umri wa wiki chache, na tayari alikuwa mkalimani wa familia. Nami nilimjibu mtoto, "Mwambie nyanya yako kwamba inawaka," huku nikitazama dari.

Ofisini kwetu tunashughulikia madai ya bima, kazi ya kukaa na kukodolea kompyuta macho mpaka yaume. Mwenzangu wa meza ya jirani, mzungu mpole mwenye ndevu nyingi, alikuwa akitoweka mara kwa mara Ijumaa na kurudi Jumatatu ananuka moshi. Siku moja nilimuuliza. Akaniambia yeye na wenzake huvaa na kuishi kama wawindaji wa karne mbili na nusu zilizopita, hutembea milimani kwa miguu, hulala chini ya turubai la kitani, na hupiga bunduki za baruti nyeusi. Alipotaja kwamba hulala huko siku mbili, nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Hivyo ndivyo nilivyojikuta kwenye vilima vya kusini mashariki mwa Ohio nimevaa shati la kitani linalofika magotini, viatu vya ngozi visivyo na soli ya maana, na blanketi la sufu begani. Sheria zao ni kali. Hakuna kiberiti cha gesi, hakuna tochi, hakuna chupa ya plastiki. Simu inabaki kwenye gari. Moto unawashwa kwa chuma na jiwe. Mzungu mmoja wa kambi ya jirani aliniuliza kwa adabu nyingi mimi naigiza nani wa wakati ule. Nikamwambia naigiza mtu aliyefukuzwa nyumbani na mkwe. Akafikiri, akasema watu wa namna hiyo bila shaka walikuwepo.

Kitu kilichonishika ni bunduki. Gumegume, neno nililolisikia kwa babu na sikujua kitu chenyewe kikoje. Unamimina baruti kutoka kwenye pembe ya ng'ombe, unaitia mtutuni, unasukumia risasi iliyofungwa kitambaa kwa mdeki, ule ufito wa kushindilia, unatia punje chache za baruti kwenye kisahani kidogo kando ya mtutu, unavuta nyundo iliyoshika jiwe, halafu ndiyo unalenga. Ukifyatua, jiwe linagonga chuma, cheche zinaangukia kisahani, moto unapenya ndani, na bunduki inatoa mlio mzito na moshi mweupe wa kukuficha uso. Mpaka upige mara ya pili, chai itakuwa imechemka. Haraka haraka haina baraka, na gumegume inakufundisha hilo bila kukuhubiria. Nililenga kipande cha ubao, nikakikosa, nikafurahi kupita kiasi. Nilirudi Columbus nimetulia moyo, nikavuka maegesho na mto wangu bila kinyongo, angalau kwa siku kadhaa.

Mwezi wa Oktoba shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alitualika. Yeye anaishi Tonawanda, kaskazini ya Buffalo, anafanya kazi kiwandani, na kanisa lao la Wakongomani lilitaka kumwombea mtoto. Tukaenda wote kwa gari. Mimi nikiendesha, mke wangu kando yangu, mama nyuma na mtoto, kimya, isipokuwa pale mtoto alipotumwa kuniambia nipunguze mwendo.

Sasa, yule mwenye ndevu wa ofisini alikuwa na rafiki, mzee wa huko, mwenye msitu wake mwenyewe kwenye milima iliyo kusini ya Buffalo, na huyo mzee alikuwa amenitumia salamu kwamba nikifika pande zile nipite kwake. Nilipanga kwenda Jumamosi na shemeji, tupige risasi chache, turudi. Ijumaa jioni, tukiwa sebuleni Tonawanda, mama alimgeukia mtoto.

"Mutoto, uliza baba yako kama kule mu pori yake na mama muzee anaweza kufika."

Mke wangu akaacha kula. Mama hakuwa ameingia msituni tangu atoke Kongo. Alitoka msituni akikimbia, akapita kambi ya wakimbizi miaka mingi, halafu Shively, ambako miti inaota kwa ruhusa ya manispaa. Shemeji akamwambia kutakuwa na milio ya bunduki. Mama akasema amesikia.

Tulimwacha mke wangu na mtoto kwa wifi yake, tukaondoka watatu asubuhi. Milima ile ilikuwa imewaka rangi, nyekundu na manjano. Tuliegesha kwenye kibanda kilicho chini ya mlima, tukaziacha simu zetu garini kwa amri ya mzee, tukapanda kwa miguu. Mama alipanda bila kupumzika, kitenge juu ya suruali ya joto, koti kubwa la baridi juu ya kitenge. Mzee alikuwa ametutangulia. Alikuwa ametundika turubai lake kati ya miti miwili na kuwasha moto mdogo. Alimwinamia mama kwa kuvua kofia, na mama akapendezwa naye mara moja.

Mimi na mzee tukaenda pembeni kupiga shabaha, yeye na bunduki yake, mimi na aliyoniazima. Mama alisimama mbali, nyuma ya mti, ametupa mgongo. Nilifyatua mara ya kwanza. Nilidhani nitageuka nimkute chini, mikono kichwani. Shemeji ndiye aliyemwendea.

"Mama, hauogope?"

"Niogope nini? Ile ya vita inachekaka, ha-ha-ha-ha, haichoke. Hii inakohoa mara moja, inanyamaza. Ni gobore. Baba yangu alikuwa nayo." Akaangalia moshi unavyopanda kati ya matawi. "Akipiga moja, tunajua muzee iko anatafuta. Akipiga ya pili, mama anasema: bon, mubebe bitunga, muende. Nyama imeanguka, inaomba bantu ba kubeba."

Alicheka peke yake, kicheko kifupi. Sikuwa nimewahi kumsikia akizungumza maneno mengi namna ile, na nilisikiliza nikiwa nimeinamia bunduki yangu kana kwamba naisafisha.

Ilipofika saa ya kula ikagundulika kwamba sanduku la chakula limebaki Tonawanda, kwenye kaunta ya jikoni. Mimi nilidhani shemeji amelibeba, shemeji alidhani nimelibeba mimi. Mzee alikuwa na mahindi makavu na nyama iliyokauka kama soli, akatukaribisha kwa moyo wote. Shemeji akaitazama ile nyama, akasema anashuka kwenye mji mdogo ulio bondeni kununua kuku. Akashuka, akaondoka na gari, na simu zetu zikaondoka naye.

Tukabaki watatu. Mzee akaingia chini ya turubai kusafisha bunduki yake. Mimi na mama tukabaki nje, moto katikati, bila mtoto wa kutusemea. Sijui kama mtu ambaye hakulelewa hivyo anaweza kuelewa uzito wa hali hiyo. Nilitamani hata mvua inyeshe. Mama aliutazama moto, halafu akauambia ule moto wenyewe:

"Tukuni hutu ni twa kujenga nyumba ya ndege. Kuku itaivia na nini?"

Akaukaza mkanda wa kitenge, akainuka kwenda kutafuta kuni. Na mimi, mtu niliyefunzwa adabu, niligeuka. Mama mkwe akiinuka na kupita mbele yako, humfuati kwa macho, unageuza uso. Nikakazia macho gome la mti wa jirani, nikasikia majani makavu yakilia chini ya miguu yake, yakalia, yakaacha kulia. Nikakaa hivyo mpaka nikawa na hakika amekwisha kwenda.

Mzee alimaliza bunduki yake. Tukazungumza habari za mdeki wa mti na mdeki wa shaba. Ukungu ukaanza kushuka kutoka juu, halafu manyunyu. Nikaongeza vile vijiti vya nyumba ya ndege kwenye moto, na hapo ndipo nilipojiuliza kuni ziko wapi.

"Mama yako ameenda upande gani?" mzee akaniuliza.

"Sijui."

"Lakini ulikuwa hapa."

"Nilikuwa nimegeuka."

"Ulikuwa umegeukia wapi?"

"Kwenye mti."

Ningemwelezaje? Alikuwa ananiona mtu mzima, mwenye macho mawili, aliyeketi hatua chache kutoka kwa mama wa miaka sitini na kitu, asijue ameelekea kaskazini au kusini. Kwa mara ya kwanza maishani nilitamani ningekuwa sina adabu kabisa.

Tukazunguka kambi, kila mtu upande wake. Majani yalikuwa yamefunika ardhi yote na hayakuonyesha unyayo. Mzee akaweka mikono mdomoni ili aite, kisha akasita. "Anaitwa nani?"

Jina nalijua. Nililiona siku ya harusi na kwenye kifurushi cha dawa zake. Miaka yangu yote ya chuo, kazi yangu ya ofisini, mvua inamnyeshea mama wa watu msituni, na bado ulimi ulikataa kulitaja. "Ita Mama," nikamwambia. Basi tukaita. Mzungu mwenye shati la ngozi na Mluhya mwenye shati la kitani, tunapaza sauti "Mama! Mama!" katika milima ya watu. Ukungu ukazimeza sauti zetu zote mbili.

Mzee alitumia akili. Akasema atakwenda nyumbani kwake, ng'ambo ya kilima, apige simu waje watu wa uokoaji kabla giza halijaingia, nami nisitoke kambini, maana mama akirudi mwenyewe lazima akute mtu. Akaondoka kwa haraka ambayo sikuitarajia kwa umri wake.

Nikabaki peke yangu. Niliogopa sana. Baridi ya milima ile ikichanganyika na maji haina mzaha, na koti lake lilikuwa la kununuliwa Louisville, la kutoka mlangoni mpaka kituo cha basi. Nilimfikiria amekaa chini ya mti, hajui aende wapi, na hataki kuita kwa sababu anayeweza kumsikia ni mkwe. Nilimfikiria mke wangu amesimama mlangoni Tonawanda na mtoto begani. Ningemwambia nini? Kwamba nimempoteza mama yako kwa heshima? Zile wiki zote nilizokuwa nikivuka maegesho nikinung'unika arudi kwao, nilizikumbuka moja moja, na kila moja ilinichoma. Nilimwambia Mungu kwa sauti kwamba nikimpata nitalala kwenye kochi la watu mpaka mtoto aende shule.

Bunduki ilikuwa imeegemea mti, imefunikwa blanketi. Niliitazama nikaogopa kuigusa. Mtu aliyekimbia nchi yake kwa sababu ya risasi, unamwita kwa risasi? Nikikosea atakimbilia ndani zaidi, na hapo hata watu wa uokoaji watamtafuta mpaka kesho. Lakini nilikumbuka kicheko chake cha asubuhi. Inakohoa mara moja, inanyamaza.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikatia baruti bila risasi, kitambaa tu, nikashindilia, nikatia punje kwenye kisahani nikiwa nimekiinamia ili manyunyu yasiingie. Nikauelekeza mtutu juu, nikafyatua. Mlio ukaenda ukagonga kilima cha pili ukarudi. Moshi ukakaa palepale, haukutaka kupanda.

Hakuna kitu. Hata ndege hakulia.

Ya pili ndiyo ya kuita watu, na ya pili ndiyo iliyonitoa jasho. Baruti nyingine ikamwagika chini. Nikashindilia, nikainua, nikavuta. Nyundo ikashuka, jiwe likagonga chuma, cheche zikaruka, kisha kimya. Baruti ya kisahani ilikuwa imegeuka uji mweusi. Niliitukana ile bunduki kwa Kiluhya, matusi ambayo mama yangu, mzee wa kanisa, hajui kama nayajua. Nikapiga magoti, nikajifunika blanketi kichwani mimi na bunduki pamoja, nikakifuta kisahani kwa pindo la shati, nikalifuta jiwe, nikatia baruti mpya, nikaifunika kwa kofia. Nikatoka chini ya blanketi nikafyatua hata kabla sijasimama vizuri.

Ikalia.

Nikangoja. Mlio ulipokwisha kuzunguka, nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye majani. Kisha, chini upande wa kushoto, mahali ambapo si mimi wala mzee aliyepafikiria, mwanamke akapiga kigelegele. Kirefu, kikavu, kinachopanda. Akapiga tena. Nikakaa kwenye majani yaliyolowa na nikalia kama mtoto, sioni haya kusema, huku nikipayuka "Huku! Huku Mama, huku!"

Alikuja polepole kwa sababu alikuwa na mzigo. Mgongoni alibeba kuni za kutosha kupikia harusi, amezifunga kwa kitenge chake na kukipitisha kwenye paji la uso, kama wanawake wa kwao wanavyobeba. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni. Midomo ilikuwa inatetemeka. Alizitua kuni chini kando ya moto, akanyoosha mgongo, akaangalia huku na huku. Hapakuwa na mtoto wa kumtuma. Akanitazama mimi, machoni.

"Bon," akasema. "Nyama iko wapi?"

Nikaanza kucheka, naye akacheka, akajifuta uso kwa kiganja. Mvua ikaongezeka. Nikasogea mbali na turubai ili yeye aingie. Yeye akasogea chini ya mti ili mimi niingie. Nikasogea mbali zaidi. Naye akasogea. Tukasimama hivyo, watu wawili wenye adabu, turubai kavu liko katikati yetu halina mtu. Ningekuwa na hasira zangu za kawaida ningepiga kelele. Badala yake nikavua blanketi la sufu begani, nikalishika kwa mikono miwili, nikageuza uso, nikalinyoosha.

Alichelewa kulichukua. Kisha nikahisi limevutwa.

"Kwetu hii maneno inatokaka na mbuzi," akasema nyuma yangu. "Mukwe analeta mbuzi, donc nyumba inafunguka, bantu banakaa. Huku mbuzi iko wapi?" Nikasikia analikung'uta blanketi na kujifunika. "Blanketi itakuwa mbuzi. Ingia. Ukikufa na baridi, mutoto wangu atabakia na nani?"

Tukaingia. Aliupanga ule mzigo wa kuni katikati, yeye upande wake na mimi upande wangu, na hapo tukawa na vyumba viwili. Shemeji alipotokea na kuku wake alitukuta hivyo, akasimama kwenye mvua mdomo wazi. Mzee alifika baadaye kidogo na majirani wawili waliobeba tochi za kisasa, sheria zote zimevunjwa. Alipomwona mama alivua kofia akaikandamiza kifuani, na hakuivaa tena mpaka kuku akaiva.

Mama hakusema kamwe kwamba alipotea. Tukiwa garini alimhadithia mwanawe, nami nikasikiliza kutoka kiti cha mbele. Alipita mti ulioanguka, akaupita tena, halafu akakaa juu yake akaomba. "Nikasikia mutu analia mama, mama. Nikasema, maskini, huyu iko na shida yake." Kisha ukaja mlio wa kwanza. Akasimama. "Nikajisemea: kama ya pili inakuya, ni ya kwetu. Kama haikuye, ni ya bawindaji, nibakie." Ilichelewa, akasema. Ilichelewa mpaka akakaa tena chini.

Jumapili mtoto aliombewa Buffalo, na Jumatatu tulikuwa Whitehall. Jioni nilichukua mto wangu kwa mazoea. Mke wangu akaninyang'anya mlangoni. Nikapiga simu Kenya kueleza habari ya blanketi na mbuzi, na mama yangu akauliza kama lilikuwa blanketi zuri. Nikamwambia ni la sufu tupu. Akasema basi.

Nililala kwangu. Alfajiri, kabla mwanga haujafika dirishani, nilisikia mtoto akilia chumba cha pili alikolala na nyanya yake. Mke wangu alikuwa amezama usingizini, hajalala vizuri kwa miezi. Nikangoja, sijui kama naruhusiwa. Jina langu mama halitaji, na mlango wake mimi siwezi kuubisha. Basi ukutani nikasikia anakohoa, mara moja. Nikainua kichwa. Kimya kidogo. Akakohoa mara ya pili.

Nikaamka, nikaenda kubeba.